Begeli za Matanga ya Mzee Mendel

"Gitel, Anshel yuko mlangoni," Mama Pesha, jirani wa ghorofa ya chini, alimnong'oneza. "Nimrudishe alikotoka?"

Gitel alikuwa ameketi kwenye kigoda cha wafiwa, kola ya gauni imechanwa kama desturi ya Kiyahudi inavyotaka. Walikuwa wametoka kumzika baba yake, mwokaji mzee Mendel. Nyumba ilikuwa imejaa waokaji wa Brooklyn nzima, na vioo vimefunikwa shuka.

"Mwache aingie."

Anshel akaingia na mfuko wa karatasi, akamkabidhi Mama Pesha, akakaa mbele ya Gitel bila neno. Mgeni wa matanga hamwanzi mfiwa, husubiri asemeshwe. Gitel akaona ni vizuri sana. Acha asubiri, kama yeye alivyosubirishwa.

Anshel huyu alifundishwa kazi na mzee Mendel mwenyewe. Walisimama meza moja wakiviringisha begeli, ile mikate ya duara yenye tundu katikati, kwa mkono, mpaka mzee akampa binti yake amchumbie. Kisha kiwanda kimoja ng'ambo ya mto kikaleta mashine ya begeli, na Anshel akaenda kuiendesha ili apate pesa ya harusi. Mzee, aliyeona mashine ni usaliti wa kazi ya mikono, akavunja uchumba siku hiyohiyo. Gitel akabaki kungoja simu ambayo, kwa alivyojua yeye, haikuwahi kulia.

"Kula, mwanangu," Mama Pesha alisema, akimwekea begeli na yai mkononi. "Mlo wa kwanza wa mfiwa hautoki jikoni kwake."

Gitel akaipapasa begeli. Pale ncha mbili zilipobanwa palikuwa na kinundu kilichoachwa na kiganja cha mtu. Akauma, nayo ikagoma kidogo kwenye meno. Za mashine ni laini, hazina ubishi huu.

"Nani kaviringisha hizi?" aliuliza, akasahau kwamba alitaka kumsubirisha.

"Mimi. Asubuhi, nyumbani. Nimezichemsha kwenye sufuria ya supu kabla ya kuoka."

"Na mashine yako?"

"Mzee angefufuka anifukuze."

Gitel alitabasamu bila kupenda.

"Bado unabana ncha vibaya."

"Hata yeye alinisema hivyo kila siku."

Gitel akashindwa kujizuia.

"Kwa nini hukunipigia simu, Anshel? Hata mara moja?"

"Tuyaache. Leo ni siku yake."

"Nimekuuliza."

"Nilipiga, Gitel."

"Muongo."

"Nilipiga msimu mzima wa baridi. Anapokea baba yako. Mwanzoni alikuwa anakata tu. Mwisho akaniambia umeolewa na daktari, uko Chicago, niache kumtafuta mke wa mtu."

Gitel akaikumbuka ile simu ya ukutani na sauti yake mwenyewe ikitokea jikoni: "Nani, baba?" Na mzee akimjibu kwa upole: "Wamekosea namba, mwanangu. Kula supu yako." Majira yale watu walikosea namba mno.

"Mimi sijaolewa na mtu," alisema.

"Nimejua leo, makaburini. Nilikuona umesimama peke yako, nikauliza watu."

"Na wewe?"

Anshel akainamisha kichwa.

"Anaitwa Rivka. Ni mtu mwema. Tunatarajia mtoto."

Moyo wa Gitel ulivunjika, tusidanganyane. Alitaka kumfokea mtu, na mtu huyo alikuwa mchangani tangu asubuhi: baba aliyemlea peke yake, aliyempenda kuliko roho yake. Hata kumchukia hakujua aanzie wapi.

"Nenda, Anshel. Nenda kabla sijasema neno ambalo Rivka hastahili."

"Gitel..."

"Nakuomba."

Anshel akasimama, akatamka maneno ya kumuaga mfiwa.

"Mungu akufariji pamoja na wafiwa wote wa Sayuni."

Mfiwa hamsindikizi mgeni, wala hanyanyuki kigodani. Gitel akabaki ameketi, anasikiliza viatu vikishuka ngazi mpaka mlango wa chini ukafungwa. Ndipo akaangua kilio. Makaburini hakuwa ametoa chozi.

Mama Pesha akamkumbatia.

"Lia, mwanangu, lia. Mzee alikupenda, hakuna asiyejua."

"Alinipenda," Gitel alisema. "Alinipenda mno, Mama Pesha."

Waokaji wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja wao akasogeza kiti, akaanza kusimulia jinsi marehemu alivyokuwa mtu mkweli, na Gitel akamsikiliza mpaka mwisho.