Picha ya Kuthibitisha

Magharibi ilikuwa inaingia. Shangazi, fundi cherehani, alitoka kupeleka gauni la mteja, akamwachia Kidoti kazi ya kufagia vitambaa na kufunga duka. Kazi ya robo saa. Lakini Kidoti alikuwa na bosi mwingine, na huyo hakuwa na huruma.

Simu ikalia. Ujumbe wa Kepteni, mpenzi wake wa shuleni.

"Uko wapi? Picha."

Ndiyo ilikuwa sheria ya mapenzi yao. Kila anapokwenda, apige picha ya kuthibitisha, aitume ndani ya dakika moja. Akichelewa, anakula kibao nyuma ya madarasa. Akithubutu kumwacha, zile picha za siri alizomtumia kwa kumwamini zitasambaa shule nzima. Marafiki wote alishalazimishwa kuwafuta kwenye simu, hata dada yake. Mtoto wa watu alibaki na mtu mmoja tu duniani, na mtu mwenyewe ndiye huyo.

Akajipiga picha, akatuma.

"Huyo nyuma yako nani?"

Akageuka haraka. Cherehani. Pasi. Magauni kwenye kamba.

"Niko peke yangu, haki ya Mungu."

"Unanifanya mjinga? Piga tena. La sivyo nazirusha sasa hivi."

Akapiga. Safari hii akaiangalia kwanza...

Nyuma yake, msichana. Sare ya shule, imelowa begani. Kichwa kimelala upande.

Harufu ya damu ikajaa dukani. Kidoti alitaka kupiga kelele, lakini ajabu, alichoogopa zaidi ni dakika kupita. Akatuma.



Akajipiga picha tena. Nyuma yake palikuwa patupu.

Ndipo simu ikaita. Kepteni alikuwa ananong'ona, akihema.

"Yuko chumbani kwangu... Mwambie sikumsukuma. Aliteleza... mwambie!"

Kidoti akakumbuka. Mwaka jana, mpenzi wa kwanza wa Kepteni alifia kwenye ngazi za maktaba. Ameteleza, waliambiwa. Wakalia, wakazika, yakaisha.

"Kidoti, nakuomba..."

Hakuwahi kumsikia akiomba. Akamhurumia, kidogo tu. Kisha akakata.

Akaketi sakafuni, akabonyeza namba ya dada yake, ambayo kichwani haikufutika.

"Dada... njoo unichukue."

"Nakuja, mdogo wangu. Tulia, usilie," dada akasema. Kisha akauliza, "Na huyo mwenzako anayelia hapo ni nani?"