Viazi vya Bi Elfriede

Alhamisi ya pili ya Desemba 1993, saa nne asubuhi, Bi Elfriede Pohle alishuka na kapu lake kwenye stoo ya chini ya nyumba yao ya ghorofa mjini Görlitz, Ujerumani, akafungua kufuli, akakuta sanduku la viazi tupu. Hakikubaki hata kiazi kimoja. Alipanda ngazi akijishikilia ukutani, akagonga mlango wa ghorofa ya kwanza.

"Renate, wameniibia viazi!"

Renate Wuttke alikuwa inspekta wa polisi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na hakuwahi kuletewa kesi ya viazi. Angecheka, ila aliona jirani yake bado amelikumbatia kapu tupu.

Zamani kisa hiki kingetikisa mtaa mzima. Kila Oktoba malori ya wakulima yaliingia uani, viazi vikamiminwa kupitia kidirisha cha stoo, na ngurumo yake ikasikika mpaka ghorofa ya juu kabisa. Nyumba nzima ilinuka udongo, na ikinuka hivyo ulijua baridi ije isije, watu mtakula. Siku hizi watu wananunua vifuko vidogo dukani, viazi vimeoshwa vikang'aa utadhani vimealikwa harusini. Katika jengo zima waliobaki kununua kwa magunia ni Bi Elfriede na Mzee Hanke tu. Nami niko upande wao.

Renate alishuka kukagua. Kufuli halikuwa na hata mkwaruzo.

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Kwenye msumari, nyuma ya mlango wa jikoni. Ni huo mmoja tu."

"Na nani anaingia jikoni kwako?"

"Thilo, yule mwanafunzi wa juu, ananipandishia makaa. Hanke anakuja kunywa kahawa Jumapili. Na Jochen wangu."

Jochen, mwanawe wa pekee, alifika jioni ile ile, Renate angali jikoni. Alisikiliza kisa chote bila kuvua koti.

"Mama, umevigawa. Umesahau tu, kama ile sufuria uliyoiacha motoni mpaka ikaungua."

"Nimgawie nani magunia matatu, Jochen?"

"Ndiyo hapo sasa. Daktari atakuja baada ya Krismasi. Tumsikilize yeye."

Wote walijua maana yake. Daktari akisema akili zimeanza kuyumba, Bi Elfriede angepelekwa makao ya wazee, mahali ambapo hawakupi stoo wala kisu cha kumenyea. Jochen alipoondoka, mama yake aliurudisha ufunguo wa stoo kwenye msumari wake.

"Renate," alisema, "na kama kweli nimesahau?"

Swali hilo lilimuuma Renate kuliko wizi wenyewe. Asubuhi yake alirudi stoo pamoja na Bi Elfriede.

Sanduku lile aliliunda marehemu Bwana Pohle. Upande wa mbele lilifungwa kwa mbao za kuchomeka, moja juu ya nyingine, nazo zilikuwa zimechomekwa zote, zimebana vizuri.

"Umezigusa mbao hizi?"

"Tangu jana sijagusa kitu."

Renate alizichomoa, kisha akajaribu kuzirudisha. Ziligoma. Moja ilikuwa imepinda, nyingine ina ufa, na kila alipodhani ameipata ya kwanza, ya mwisho haikuingia. Akakaa juu ya ndoo akaziangalia, halafu akaenda kumwita Mzee Hanke.

Stoo ya Hanke ilitenganishwa na ya Bi Elfriede kwa fito tu, na ugomvi wao ulijulikana.

"Mzee Hanke, watu wanasema uliapa kwamba viazi vyake vitapotea."

"Niliapa, ndiyo! Kila mwaka kelele, eti matufaha yangu yakikaa karibu yanafanya viazi vyake vichipue. Matufaha yangu yananukia tu, maskini ya Mungu! Lakini kuiba? Mimi nina vyangu, njoo uhesabu."

"Basi nisaidie kurudisha mbao hizi."

Alihangaika, akatukana, ubao ukamwangukia kidoleni, akatukana upya. Renate akamshukuru.

Thilo naye alikuwa na la kujibu, maana chumba chake kilinuka chipsi kila siku.

"Za pakiti hizo, Bi Renate. Unazitoa kwenye friza, unakaanga."

"Za pakiti?" Renate alisikitika kuliko kama kijana angekiri wizi. "Kweli wazazi wako wako hai na wanajua?"

Thilo alicheka, akashuka kujaribu mbao. Zilimshinda na yeye.

Mkesha wa Krismasi, saa kumi na mbili jioni, Bi Elfriede aliwaalika wote kwa ombi la Renate. Usiku huo kila nyumba mjini hula saladi ya viazi na soseji. Saladi aliileta Jochen kwenye bakuli kubwa.

"Mama hataki kupika viazi vya dukani," alisema, "kwa hiyo nimetengeneza mimi."

Bi Elfriede alionja. Akaweka uma chini.

"Umetia sukari?"

"Sijatia, Mama."

"Mbona tamu?"

Mzee Hanke alionja naye, akakunja uso. "Tamu kweli. Viazi hivi vimepigwa na baridi."

"Vimelala kwenye baridi kali wiki mbili," alisema Renate taratibu. "Viazi vikikaa hivyo hugeuka vitamu. Vya dukani havina utamu huo, nimevila mwezi huu mpaka nimechoka. Jochen, wewe una kibanda kisichopashwa moto kwenye bustani yako nje ya mji."

"Watu wengi wana vibanda."

"Kweli." Renate alitoa mbao chini ya meza, akaziweka mbele ya Jochen. "Lakini hizi zimewashinda Hanke, Thilo na mimi. Mwizi hazikumshinda. Alibeba viazi vyote, halafu akazirudisha kwenye sanduku tupu, kila moja mahali pake. Nani anafunga sanduku tupu, kama si aliyezoea kulifunga tangu utotoni?"

Jochen hakuzigusa. Alipitisha jicho tu kwenye ule ubao uliopinda.

"Baba alikuwa ananiweka ndani," alisema. "Nisawazishe viazi vikimiminika. Halafu ananichomekea mbao mpaka kidevuni, nami nacheka mpaka nalia."

"Jochen," alisema mama yake.

"Februari ulianguka kwenye zile ngazi. Ulilala pale chini mpaka Thilo akakusikia. Nikasema viazi vikiondoka, hutashuka tena. Jumatano ulipokwenda kwaya, nikavibeba."

"Na kusahau kwangu je?"

"Nilikuja nikuambie. Ukaniangalia vile, nikaogopa. Lile neno la kusahau likanitoka mdomoni, kisha nikashindwa kulirudisha."

"Viazi ningekusamehe," alisema Bi Elfriede kwa hasira. "Lakini ulinifanya nikiogope kichwa changu. Wiki mbili nzima naamka asubuhi nalitaja jina la baba yako kwa sauti, nisije nikakuta limepotea."

Jochen alilia pale mezani, mbele ya wageni. Thilo aliangalia sahani yake.

"Kwa nini ukavipika?" aliuliza mama yake.

"Nilitaka Krismasi ule viazi vyako."

Bi Elfriede akazivuta mbao upande wake.

"Daktari nitampigia mwenyewe nimwambie asije. Na viazi virudi kesho. Usivipeleke stoo kwanza, viweke hapa jikoni karibu na jiko. Vikikaa kwenye joto wiki mbili tatu, ule utamu unatoka."

"Na mimi, Mama?"

"Wewe utakuja kila Jumamosi unishukie stoo na kapu. Viazi ni wiki mbili tatu, wewe sijui utachukua muda gani."

Akavuta bakuli, akajipakulia tena, maana vilikuwa viazi vyake.