Pasheni Zilizokosa Wageni

Kila asubuhi Mama alifagia uwanja, akachota maji, kisha akaenda kwenye pasheni zake kabla hata ya kunywa chai. Alipita kati ya mistari. Aliinua majani na kuchungulia chini yake.

Maua ya jana yalikuwa yameanguka mazima. Hakuna hata moja lililoacha tunda.

"Wifi, unaokota nini huko?" aliuliza dada wa mumewe kutoka jikoni.

"Maua."

"Basi lete tuyapike. Matunda tutakula kwa macho."

Mama hakucheka. Alikuwa ameuza mbuzi wake wote ili apate nguzo na waya wa shamba lile. Mwaka jana pasheni zilizaa. Mwaka huu zilijaa maua kuliko mwaka jana, lakini matunda hakuna.

Mumewe alikuwa seremala. Watu wote walimwita Fundi, hata mkewe. Alipenda usafi kupita kiasi. Nyuma ya shamba palikuwa na kichaka kizito, na baada ya kichaka palikuwa na nyasi mpaka karibu na bahari. Miezi michache iliyopita, Fundi alikata nusu ya kichaka na kuchoma magogo yote makavu. Nyuki wakubwa weusi walipotoboa mbao za karakana yake, aliziba matundu kwa gundi na vumbi la mbao.

"Hawalipi kodi, halafu wanatoboa nyumba!" alisema siku ile.

Sasa alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mke wangu, nimevumilia. Keshokutwa vijana wanakuja na mapanga. Tunamaliza kichaka, tunalima na zile nyasi, tunapanda muhogo. Hizi pasheni tung'oe."

"Ngoja kwanza, Fundi. Nimemwita Bibi Shamba. Anakuja leo."

Bibi Shamba alikuwa afisa kilimo wa eneo lile. Alifika na pikipiki, viatu vimejaa mchanga.

"Taja dawa tu," Fundi alimwambia. "Nitanunua."

"Haziumwi, kaka yangu. Tukae hapa tungoje mchana."

Walikaa kivulini. Jua lilipopita utosini, ua moja lilitikisika. Likafunguka. La pili likafuata, kisha la tatu. Muda si mrefu waya wote ulikuwa mweupe na zambarau. Mama alishika mdomo. Saa hiyo huwa yuko jikoni. Alikuwa amelima pasheni kwa miaka miwili, na hakuwa amewahi kuyaona maua yake yakifunguka.

Bibi Shamba aligusa ua. Kidole chake kikatoka na unga wa manjano.

"Hii ni chavua," alisema. "Ili tunda litoke, chavua ya mmea huu lazima ifike kwenye ua la mmea mwingine. Upepo hauwezi kuibeba. Ni nzito, tena inanata."

"Nani anaibeba sasa?" Mama aliuliza.

"Nyuki wadogo wanapita chini bila kuigusa. Anatakiwa mkubwa, mwenye mgongo mpana. Akiingia kunywa utamu, mgongo wake unasugua hapa juu. Ni yule mweusi anayekaa kwenye miti mikavu."

Wifi alimgeukia kaka yake polepole.

"Fundi, si wale wapangaji wako?"

Fundi alikohoa. "Leo tufanyeje?" aliuliza.

"Leo tutakuwa nyuki."

Kila mmoja alipewa mstari. Walichukua chavua kwa kidole, wakaipaka kwenye ua la mmea mwingine. Ua hili, ua lile. Fundi aliinama, akainuka, akainama tena, mpaka akashika mgongo.

"Hii kazi wanaifanya kila siku?"

"Kila siku, na hawaombi hata maji ya kunywa," alisema Bibi Shamba.

Maua yalianza kujifunga jioni. Hawakuwa wamefika hata nusu ya shamba.

Kabla ya kuondoka, Bibi Shamba aliwapeleka kwenye kichaka kilichobaki. Ndani palikuwa na ubaridi. Aliwaonyesha tawi kavu lenye tundu la mviringo, limechongwa vizuri sana. Fundi aliingiza ncha ya kidole, akaizungusha.

"Hata keekee yangu haitoboi hivi," alisema kwa sauti ndogo.

Wakatokea kwenye nyasi.

"Hapa ni patupu tu," alisema Mama.

"Chuchumaa, dada."

Mama alichuchumaa. Kati ya nyasi aliona maua ya njano, ya buluu, mengine madogo kama punje ya mchele.

"Pasheni zisipochanua, nyuki wako wanakula hapa," alisema Bibi Shamba. "Kichaka ni nyumba yao, nyasi ni ghala lao." Kisha akafukua mchanga kando ya kimmea kifupi kisichofika hata kwenye goti. Mzizi wake ulikuwa mnene kama paja la mtu. "Huu ni mti. Mwili wake uko chini. Huenda ulikuwepo kabla ya babu zetu. Moto ukipita juu, unachipua tena. Jembe likiupindua, basi."

Mama aliurudishia mchanga kwa mikono miwili, taratibu, kama anayemfunika mtoto.

Siku ya vijana ikafika. Walikuja na mapanga yao asubuhi. Walimkuta Fundi ameinama shambani. Kwenye mistari waliyoipaka chavua, vitunda vya kijani vilikuwa vimeanza kuvimba. Kwenye mistari mingine, maua yalikuwa chini.

"Tuanzie wapi, Fundi?"

Fundi alitazama mistari, akatazama kichaka.

"Nisameheni, wanangu. Nimewasumbua bure. Kunyweni chai. Kichaka hakikatwi, na nyasi hazilimwi."

Aliyazibua matundu ya karakana siku ileile. Alipeleka magogo makavu kwenye ukingo wa shamba. Sehemu aliyoifyeka aliiacha, nayo ikaanza kuchipua yenyewe. Mama akaacha kupiga dawa ya wadudu wakati maua yakiwa wazi, isije ikawaua nyuki.

Msimu uliofuata, nyuki weusi walirudi, kwanza wachache, kisha wengi. Nguzo zililemewa na matunda.

Mchana mmoja Mama aliingia shambani na beseni. Maua yalikuwa yamefunguka, na shamba zima lilikuwa linavuma. Nyuki mmoja mkubwa alikuja mbele ya uso wake, akasimama hewani, mgongo umejaa unga wa manjano.

Mama alirudi nyuma hatua moja.

"Pita, bwana," alisema. "Mimi nitangoja."