Nilimfungia Baba Mlango Jukwaani

Siku niliyomfungia baba yangu mlango, watu walipiga makofi.

Naombeni msome mpaka mwisho kabla hamjanitukana. Najua mtanitukana tu, lakini someni kwanza.

Mimi ni mwigizaji. Si wa kwenye runinga, msijisumbue kunitafuta. Niko kwenye jumba la maigizo la mkoa, kile kikundi kinachozunguka mashuleni na mitaani. Tunakwenda na mlango wetu mmoja wa mbao, fremu tu, hauna ukuta. Tunausimamisha uwanjani, igizo linaanza.

Maigizo yetu hayana mwisho. Tunafika pabaya, tunasimama, halafu kiongozi wetu, ambaye wote tunamwita Kocha, anawauliza watazamaji nani angefanya tofauti. Anayenyoosha mkono anapanda, anachukua nafasi ya mhusika anayemtaka, na sisi tunaendelea naye. Aliyeachia nafasi anasimama pembeni, kimya.

Na Kocha ana kanuni yake: usimrahisishie aliyepanda. Ukilainika mapema, watu hawajifunzi kitu.

Msimu ule tulicheza baba anayemfukuza binti yake. Baba nilikuwa mimi. Kofia, koti, masharubu ya kuchora. Niliiomba nafasi hiyo mwenyewe, na maneno ya huyo baba niliyaleta mimi, maana nilikuwa nayo kichwani miaka yote.

Baba yangu ni fundi saa, mtu wa maneno machache. Nilipoacha chuo cha ualimu nikaingia kwenye maigizo, alinitolea begi nje. Nikabisha hodi mpaka vidole vikauma. Akanijibu kutoka ndani kuwa yeye hana binti, na kwamba mama yangu ameshanisahau. Nilimsikia mama analia humo humo ndani. Mlango haukufunguliwa.

Sikurudi tena. Namba zao nilifuta, yangu nikabadilisha.

Sasa mchana ule uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Wanafunzi, wazazi, na wauza mitumba wa jirani waliofunga biashara kuja kututazama. Binti wa kwenye igizo amebisha, nimemfukuza, Kocha akauliza nani angefanya tofauti.

Mkono ukanyooka nyuma kabisa...

Alikuwa mzee mwembamba, shati amelifunga mpaka kifungo cha juu. Alipokaribia, nikamwona vizuri.

Alikuwa baba.

"Karibu mzee wetu," Kocha akamwambia. "Bila shaka unataka nafasi ya baba."

"Hapana. Ya binti."

Uwanja mzima ukacheka. Mimi kicheko sikuwa nacho. Nilijiuliza, hivi amenijua na masharubu haya? Na kama amenijua, ndiyo amekuja kunidhihaki mpaka kazini kwangu? Hasira yote niliyodhani imeisha ikarudi.

Akaenda akasimama upande wa pili wa mlango. Jamani, mlango hauna ukuta, angeweza kuuzunguka tu. Hakuuzunguka. Akabisha taratibu.

"Nani?" nikauliza kwa sauti nzito.

"Ni mimi. Nifungulie, nina neno la kukwambia."

Kocha akanikazia macho, yaani nisilainike. Wala hakuwa na haja ya kunikumbusha.

"Mimi sina binti."

"Najua nimekosea. Nifungulie tu. Ni habari ya mama."

Na jibu la hapo nilikuwa nalo tayari. Alinipa mwenyewe.

"Mama yako ameshakusahau."

Mkono wake ukabaki hewani, kisha akaushusha. Watu wakapiga makofi. Walidhani mzee anajua kuigiza.

Kocha alikuwa anamshukuru ili arudi kukaa, ndipo mama mmoja muuza mitumba, mtoto mgongoni, akaja mbele bila hata kunyoosha mkono. Akasema huyo baba amemchosha, mtu anakwambia ana habari ya mama, wewe unaleta majibu ya jeuri. Anataka nafasi yake.

Nikampisha, nikasimama pembeni kama kanuni inavyotaka.

Yule mama hakuwa na hotuba. Alifungua mlango tu.

"Pita. Mama ana nini?"

Baba hakumtazama yeye. Alinitazama mimi pale pembeni.

"Mama yako yuko hospitali, hali yake mbaya. Tangu jana anakuita wewe."

Watu walikuwa bado wanangoja igizo liendelee...

"Baba," nikasema, na sauti haikuwa nzito tena. Kocha akaelewa, akakimbilia funguo za gari.

Njiani baba alinieleza. Alikwenda kunitafuta kule kwenye jumba letu, wakamwelekeza shuleni. Alipofika akaomba kuniona, mwenzetu mmoja akamwonyesha kuwa mwenye kofia na masharubu ndiye mimi, akamwambia angoje igizo liishe. Akaona hakuna muda wa kungoja. Nikamuuliza kwa nini alichukua nafasi ya binti. Akasema, "Aliyekuwa anaomba kufunguliwa ni mimi."

Tulipofika wodini, kitanda cha mama kilikuwa kimeshatandikwa shuka safi.

Muuguzi akatukalisha kwenye benchi, akasema kwa upole kwamba mama amefariki muda si mrefu. Akaniuliza kama mimi ndiye aliyekuwa akiitwa. Nikaitikia. Nililia mpaka nikaishiwa, maana huo muda si mrefu nilijua niliutumia wapi.

Mnataka somo? Mtu aliyekuumiza akija na neno, msikilize kwanza amalize. Hasira yako ni haki yako, utaitoa baadaye. Mimi nilianza na hasira.

Siku chache baada ya mazishi, baba alikuja kukaa karibu yangu. Akaniuliza.

"Pale mlangoni, ulikuwa unaigiza, au ulikuwa unanijibu mimi?"

Niliyaona macho yake, mekundu kwa kukosa usingizi.

"Nilikuwa naigiza, baba. Ndiyo kanuni ya kazi yetu."

Akashusha pumzi. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu msiba, alipata usingizi.

Nyie nimewaambia ukweli kwa sababu baba hayuko humu mtandaoni. Anayemfahamu, nakuomba sana, usimsomee.