Swala ya Alasiri Siku ya Jamu

Siku ya kupika jamu, Zumra hakungoja kuamshwa. Bibi yake, Nefisa, alikuwa bado anakunja mswala wa alfajiri, na binti huyo wa miaka kumi na miwili alikuwa ameshaswali na kutoka uani, akipanga kuni chini ya sufuria kubwa la shaba.

"Bibi, leo raha mbili! Mchana jamu, jioni maulidi!"

"Na nywele hujachana," Bibi akamjibu huku akicheka.

Kijiji kizima cha Brezje kilikuwa kinanukia plamu zilizoiva. Lakini Zumra alikuwa na furaha ya peke yake. Bi Sabira, mwalimu wao wa madrasa, alikuwa amemchagua yeye kuanzisha kasida ya maulidi msikitini, na watoto wengine wote wangemwitikia.

Jamu ya plamu haitiwi sukari wala haiachwi bila kukorogwa hata kidogo. Ni kukoroga tu kwa mwiko mrefu, tangu asubuhi, watu wakipokezana. Inapokaribia kuiva, mwiko ukipita huacha njia, na kitako cha sufuria huonekana. Yule aliyeshika mwiko wakati huo ndiye anayekomba sufuria kwa mkate, na watu humpigia makofi. Zumra hakuwahi kuipata bahati hiyo.

Mchana ulijaa moshi, nyigu na vicheko. Jamu ilikuwa imeanza kuwa nzito, na mwiko umo mikononi mwa Zumra, adhana ya alasiri iliposikika kutoka kwenye mnara wa mbao.

"Mkaswali kwa zamu," alisema Bibi, "mwiko usisimame."

Almasa, binti wa ami yake, alikuwa wa kwanza kwenda. Alirudi mikono ya gauni ingali na maji ya udhu. "Lete mwiko. Nenda kaswali."

"Bado kidogo."

"Unaogopa nitakomba mimi!"

"Mwaka jana alikomba nani? Huoni haya?"

"Mkigombana ikaungua," alisema Ami Rasim, baba yake Almasa, "nitawapaka nyote usoni, muende maulidi hivyohivyo."

Watu wakacheka. Mmoja mmoja wakaenda kuswali na kurudi. Almasa akaja tena, safari hii akinong'ona. "Zumra, jua linashuka."

"Kwani wewe ndiye muadhini? Wakati bado upo!"

Alikoroga mpaka mabega yakamuuma. Ghafla mwiko ukapita, na shaba ikang'aa chini.

"Imefungua njia!" akapiga kelele Ami Rasim. "Zumra kaipata!"

Makofi yakalia. Zumra alikomba sufuria mpaka jamu ikamfika puani, akicheka, akiwalisha watoto wa jirani. Kisha ikawa kazi ya kujaza mitungi, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wakifunga mtungi wa mwisho adhana iliposikika tena. Magharibi.

Wakati wa alasiri ulikuwa umekwisha.

"Zumra, sikukuona ukienda kuswali alasiri," alisema Bibi. "Uliswali?"

"Niliswali, Bibi. Chumbani kwako."

Almasa alikuwa kando yake, amesikia kila neno. Angesema, huenda kasida ingekuwa yake. Hakusema. Alichukua kitambaa, akamfuta Zumra mkono. "Una jamu hapa. Isije ikazuia maji ya udhu."

Wema huo ulimchoma Zumra kuliko karipio lolote.

Chumbani, Bibi alikwisha kutandika miswala miwili. "Njoo karibu yangu," alisema. "Leo nitakuombea sauti yako isitetemeke."

Zumra alisimama, lakini mikono ilikataa kunyanyuka.

"Bibi, ngoja. Sikuswali alasiri. Wala sikusahau! Almasa alinihimiza mara mbili, nikataka kukomba sufuria. Halafu nikakudanganya." Machozi yakamtoka. "Sasa Mungu hatanisamehe. Na Bi Sabira akijua, kasida nimeikosa."

Bibi alimvuta, akamketisha.

"Sitakwambia ni kosa dogo, mjukuu wangu. Kuacha swala kwa makusudi ni jambo kubwa. Lakini nani amekwambia Mungu hasamehi? Unajuta?"

"Najuta sana."

"Utarudia?"

"Sirudii, Bibi."

"Basi mwombe Mungu mwenyewe msamaha. Kisha lipa alasiri yako kwanza, ndipo uswali magharibi. Uongo umeniambia mimi, na mimi nimekusamehe. Bi Sabira utamwambia kwa mdomo wako."

Zumra aliswali. Kwenye sijda alikaa muda mrefu, akinong'ona, "Ewe Mola, nisamehe." Alipotoa salamu, alijiona mwepesi. Alimbusu Bibi mkono, akatoka mbio, Almasa nyuma yake.

Msikiti ulikuwa umewaka taa, watu wanamiminika, sharubati inamiminwa vikombeni. Bi Sabira alikuwa mlangoni, mahali pa kuvulia viatu. Zumra alimweleza yote, bila kuficha, akihema.

"Na kama kasida utampa Almasa, ni haki yake," alimalizia.

"Mimi?" Almasa akaruka. "Mwalimu, nimekula jamu mpaka sauti imekwama kooni!"

Bi Sabira alijizuia kucheka. Akainama, akamshika Zumra mabega.

"Alasiri umeilipa?"

"Nimeilipa, Mwalimu."

"Basi sikiliza, na wewe Almasa usikie. Sikumchagua mtoto asiyekosea, kwa sababu hayupo. Swala ina wakati wake, na hakuna kazi wala sifa inayostahili kuipita. Lakini ukiteleza, usijifiche kwa aibu wala usizibe kosa kwa uongo. Juta, rudi kwa Mola wako upesi, kama ulivyokuja mbio sasa hivi. Haya, vueni viatu. Watu wanangoja."

Zumra akaingia, akasimama mbele yao wote, akavuta pumzi na kuanzisha kasida. Msikiti mzima ukaitikia.