Majina Sita ya Kwenda Ziwani

Katika kambi ya Kakuma, siku ya Nyachuol ilianzia bombani. Alifika na madumu manne, akayapanga kwenye foleni, kisha akasimama na wanawake wenzake kungoja maji. Walizungumza habari za mgao wa unga, za watoto wenye kikohozi, za nani amerudi Sudan Kusini na nani angali anafikiri. Alasiri alikwenda kwenye darasa la watu wazima. Daftari lake alilitia ndani ya mfuko wa plastiki ili vumbi lisiliharibu. Huo ulikuwa mwaka wake wa pili darasani. Aliweza kusoma polepole, kidole kikiwa juu ya neno.

Mwezi wa Agosti, mwaka wa 2013, mumewe Lam alileta habari nyumbani. Ndugu zake walikuwa wamepata shamba huko Nasir. Mwezi wa Septemba angekwenda kujenga nyumba. Hakujua angerudi lini kuwachukua mkewe na watoto.

Nyachuol akasema, "Watoto hawa wanajua maji ya bomba na maji ya mvua tu. Kabla hujaondoka, twende ziwani, sisi sote sita. Wamwone mamba wakiwa pamoja na baba yao."

Lam alicheka. "Kwani sisi ni watalii, Mama Gatkuoth?"

"Mtalii ana miguu mitatu?"

Lam akakubali. Watoto waliposikia, hawakulala vizuri siku tatu. Gatkuoth alikuwa na miaka kumi na minne, Nyakim kumi, na Gai sita. Mdogo kabisa bado alibebwa mgongoni.

Siku ya nne, familia ilipanda basi la Lodwar. Nyachuol alifungasha kama mama yake alivyofungasha zamani walipohamisha ng'ombe. Alichukua mikeka, magodoro mawili, sufuria tatu, jiko, na kuku wawili waliofungwa miguu. Mkononi alishika kadi ya chakula ya familia. Aliamini kwamba kadi hiyo ilitosha, kwa kuwa ilikuwa na muhuri na namba.

Kwenye kizuizi cha polisi, afisa mmoja aliwateremsha. Akaitazama mizigo yao juu ya basi.

"Mnahama?" aliuliza.

"Hapana, afande. Tunatembea tu," Lam alijibu.

"Mnatembea na jiko?"

"Tutapika njiani."

"Na hawa kuku?"

"Ni zawadi ya mwenyeji wetu wa Lodwar," alisema Nyachuol, akamkabidhi kadi.

Afisa aliisoma, akamrudishia. "Mama, kadi hii inaonyesha mnapokea chakula wapi. Haisemi kwamba mmeruhusiwa kutoka kambini. Rudini mkaombe kibali."

Walirudi kwa miguu, kila mtu na mzigo wake. Gai alilia mpaka nyumbani. Kesho yake bombani, mama mmoja alimwuliza Nyachuol, "Ziwa lilikuwaje? Mamba wanatusalimu?" Wanawake walicheka. Nyachuol naye alicheka kidogo, lakini moyoni alihesabu siku zilizobaki kabla ya Septemba.

Jirani yake, Adolphe, alikuwa fundi wa nguo kutoka Kongo. Kila mwezi alikwenda Lodwar kununua vitambaa, akarudi bila matatizo. Nyachuol alimkuta kwenye cherehani yake.

"Shemeji Adolphe, wewe unapitaje pale kizuizini?"

Adolphe aliacha kushona. "Mama, sikia. Ile karata ni ya kula. Mutu akitaka kutoka, anaomba kibali cha kusafiri. Ulikuwa naomba?"

"Sikuomba. Sikujua."

"Basi sasa utajua. Kaa hapa."

Alimweleza moja baada ya jingine, na Nyachuol akaandika daftarini. Kibali huombwa mapema, si asubuhi ya safari. Mwombaji hueleza ukweli: anakwenda wapi, kwa sababu gani, atafikia kwa nani, na atarudi siku gani. Barua ya mwenyeji husaidia. Siku ya kurudi isipite siku ya mgao, kwa maana asiyekuwepo hukosa chakula cha familia.

"Na mizigo?" aliuliza Nyachuol.

"Nguo, shuka, maji ya kunywa. Maji ya ziwa iko na chumvi kidogo, batoto wasikunywe. Kuku kula leo, mama. Hata mimi nitakuja kuwasaidia."

Nyachuol alimpigia simu Sally, nesi aliyewahi kufanya kazi katika zahanati ya kambi na sasa alikuwa Lodwar. Sally alifurahi, akatuma barua ya kuwakaribisha kupitia dereva wa basi. Siku ileile ilipofika, Nyachuol aliipeleka katika ofisi ya vibali pamoja na namba ya kadi yake. Karani, Bwana Barasa, aliuliza kusudi la safari.

"Kuwaonyesha watoto wetu ziwa na mamba, wakiwa na baba yao," alisema Nyachuol.

Barasa aliinua macho. "Mwaka huu sijaandika sababu kama hii," alisema. Kisha akaiandika.

Kibali kilitoka baada ya siku kumi, siku moja tu kabla ya safari. Lam alikipokea, akakikunja, akakitia mfukoni.

"Nipe nisome," alisema Nyachuol.

"Kina muhuri. Unasoma nini tena?"

"Nipe, Baba Gatkuoth."

Alikaa mlangoni, akaweka kidole juu ya jina la kwanza. Lam. Nyachuol. Gatkuoth. Gai. Jina la mtoto wa mgongoni. Akarudia tena tangu mwanzo. Yalikuwa majina matano.

"Nyakim hayumo," alisema.

Ndipo akakumbuka. Nyakim aliletwa Kakuma akiwa na miaka mitatu, na aliyemleta ni Nyabol, dada yake Nyachuol. Siku ya kuandikishwa, mtoto aliwekwa kwenye kadi ya Nyabol. Kwa miaka saba alilala na kula kwa mama yake, na hakuna aliyewaza kubadilisha. Dada na dada, waliona mtoto ni wao wote. Lakini karani alikuwa amenakili majina kutoka kadi moja tu.

Nyakim alisimama kando, ameshika ndoo. "Mimi nitabaki kwa mama mdogo," alisema taratibu.

"Utakwenda," alisema Lam. "Tutakukalisha katikati yetu. Nani atahesabu watoto?"

"Yule afisa alihesabu sufuria," alisema Nyachuol. "Atashindwa kuhesabu watoto? Akimteremsha Nyakim, tutateremka sote, na wewe hutakuwa na wiki nyingine."

Alikwenda haraka kumchukua Nyabol na kadi yake. Walifika ofisini saa tisa. Bwana Barasa alizisoma kadi zote mbili.

"Mtoto huyu anahitaji kibali chake," alisema. "Lakini anayemiliki kadi lazima aandike kwamba amekubali mtoto asafiri. Ofisi inafungwa saa kumi na moja."

Nyabol alitazama chini. "Mimi sijui kuandika."

"Wewe sema," alisema Nyachuol. "Mimi nitaandika."

Alichana karatasi katika daftari lake, akainama juu ya benchi. Nyabol alisema, naye akaandika, herufi moja baada ya nyingine. Neno "nimekubali" alilifuta mara mbili. Mstari wa sita ulipokwisha, shingo ilimuuma. Nyabol aliweka kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza chini ya barua. Barasa aliisoma yote bila kuuliza neno. Saa kumi na nusu, kibali cha Nyakim kilikuwa mkononi mwa mama yake. Nyachuol alikisoma palepale mbele ya karani: jina, namba, siku ya kwenda, siku ya kurudi.

Asubuhi walipanda basi na mifuko miwili tu. Kizuizini, afisa alizipokea karatasi, akaita majina. Kila mmoja aliitika. Gai aliitika kwa sauti kubwa hata abiria wakageuka. Afisa akarudisha karatasi. "Safari njema," alisema.

Usiku huo walilala kwa Sally. Siku iliyofuata walifika Kalokol, karibu na ziwa, ambako samaki waliokaushwa walipangwa kama matofali. Mwenye mashua, Epuyo, aliwapokea. "Ejok," aliwasalimu, akawapa jaketi za kuokolea maisha.

Lam alisukuma yake kando. "Mimi nimekua kando ya mto Sobat."

"Mamba wetu hawajui Sobat iko wapi," alisema Epuyo. "Vaa, mzee."

Lam akavaa.

Mashua iliwapeleka hadi Kisiwa cha Kati. Walipanda mlima mweusi wa mawe, wakachungulia upande wa pili. Chini kulikuwa na ziwa dogo ndani ya kisiwa, maji yake ya kijani. Ukingoni walilala mamba, wakubwa na wadogo, vinywa wazi. Nyakim akaanza kuwahesabu kwa sauti, na alipofika thelathini na moja akapoteza hesabu, akaanza upya. Lam alimpandisha Gai mabegani. Alimshika Nyakim mkono, akahesabu pamoja naye. Nyachuol aliwatazama watu wake wote watano, akajiona ni mrefu kuliko mlima ule.

Walirudi Kakuma siku iliyoandikwa, na kesho yake walipokea mgao wao. Septemba Lam aliondoka. Gai alikwisha kuwasimulia watoto wa mtaa mzima kwamba baba yake alivaa jaketi kwa kuwaogopa mamba.

Habari ilienea. Nyabol alijiunga na darasa la watu wazima, na nyuma yake wakaja wengine, hata yule mama wa bombani; kila jioni walifanya mazoezi ya kuandika kwa Nyachuol. Mwezi wa Novemba, wanawake wanane, Nyachuol akiwasindikiza, waliingia ofisini kwa Bwana Barasa kuomba vibali vya kuwapeleka watoto wao ziwani. Kila mmoja alikuwa na kadi, siku ya kurudi, na barua fupi ya maombi.

Barasa alizipanga mezani barua zote nane. Herufi zilikuwa kubwa, nyingine zimepinda.

"Mama Gatkuoth," alisema, "umefanya kazi kubwa kuwaandikia wote hawa."

"Sikumwandikia hata mmoja," alisema Nyachuol. "Kila mmoja ameandika yake."