Kiwiko Kwenye Beseni

Siku ile nyumbani walikuwapo wanne: mzazi, mwanawe wa siku tisa, mama mkwe wake, na wifi yake mshonaji, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja ya ndoa bila kupata mtoto. Wa tano hakualikwa.

"Wifi, leo mwogeshe wewe," alisema mzazi. Alikuwa amemtengea taulo laini kuliko zote. "Mikono ya mama ni msasa."

"Msasa huohuo ndio uliomlea mumeo," akajibu mama mkwe, akatoka kuanika nepi.

Jiko lilikuwa limezimwa, lakini mfuniko wa sufuria ulikuwa ukigonga. Tak. Tak. Mshonaji akamlaza mtoto mkono wa kulia, kwa wa kushoto akamimina maji ya moto kwenye beseni. Alipogusa jagi la maji ya baridi, akasikia harufu ya nywele zilizoungua.

"Liache," mvuke ukanong'ona, kwa sauti yake mwenyewe. "Leo usipime kwa kiwiko. Watasema hukujua. Tasa atajuaje?"

Akainama, na humo majini uso wake ulikuwa ukitabasamu ilhali yeye hakutabasamu, na yote aliyoyameza tangu mimba ile itangazwe, vigelegele, vinguo alivyovishona kwa mikono yake, macho ya huruma kanisani, yakampanda kooni, na kisigino cha mtoto kikashuka taratibu hadi mvuke ukakigusa, na mtoto, usingizini, akamshika kidole.

Akawakumbuka ndugu wawili wa kwenye Maandiko, walioenda shambani wawili, akarudi mmoja. Yule aliyerudi naye alionywa mapema.

"Bwana, ni kweli nina wivu," akanong'ona. "Nishike."

Akampandisha mtoto begani, akatumbukiza kiwiko. Ngozi ikababuka. Mfuniko ukazidi kugonga.

Mzazi akatokea mlangoni. "Wifi, mkono wako!"

"Mchukue mwanao. Nilitaka kumtia humu bila kupima. Nimekuonea wivu, wifi yangu, mpaka nikaongeleshwa."

Mfuniko ukanyamaza. Dirisha likajifunga kwa kishindo, na harufu ikaisha.

Mzazi akamchukua mtoto, akampeleka nje kwa bibi yake. Mshonaji akabaki amesimama. Kisha mzazi akarudi na lile taulo laini, limelowa maji baridi, akamfunga nalo mkono.

"Kesho tutamwogesha sote wawili," akasema.

Kovu halikufutika. Mtoto alipoanza kuota meno, alipenda kung'ata hapohapo.